Unajiajiri na unataka Kanada? Tuongee karatasi

Tuanze na jibu ndio tusizungushane: ndiyo, kazi ya kujiajiri inahesabika ukiomba ukaazi wa kudumu wa Kanada. Na ya kontrakti pia. Huyo jamaa aliyekuambia ati Kanada wanataka tu mtu aliyeandikwa na kampuni, mwenye payslip na kadi ya kufungulia mlango, ama alikudanganya ama alisoma nusu akaachia hapo. Mpango wa Federal Skilled Worker, ambao ndio wengi wetu wa hapa Nairobi tunaingilia kwenye Express Entry, ule mfumo wao wa kupanga waombaji kwa pointi na kualika wa juu, kwa sababu hatujawahi kufanya kazi huko, unakubali kazi ya kujiajiri uliyofanya nje ya Kanada, mradi iwe ni kazi ya ujuzi, uwe ulilipwa, na iwe ndani ya miaka 10 iliyopita. Ngoma iko kwingine kabisa. Iko pale utakapoambiwa haya, leta.

Mimi kazi yangu ni kuandikia watu vitabu vya hesabu. Garaji mbili za Kirinyaga Road, saluni, mama mmoja wa keki huko Umoja, vijana wa kuchora nembo na kutengeneza tovuti, na hao vijana ndio hunijia mwaka ukipinduka wakitaka kazi ya miaka minne niipange kwa wiki moja kwa sababu wamepata mwaliko wa kuomba na kutoka hiyo siku una siku 60 tu za kupeleka kila kitu. Kwa hivyo haya mambo nayajua kupitia faili na risiti, sheria yenyewe ina wenyewe. Na kabla hujauliza, hapana, mimi siendi. Mama yangu ananihitaji, halafu baridi nayo siiwezi, Julai tu ya Limuru hunishinda.

Haya, hesabu yenyewe. Mwaka mmoja kwao ni masaa 30 kwa wiki, jumla masaa 1,560, na huo mwaka wa kwanza wa kukuingiza mlangoni lazima uwe mfululizo na uwe wa kazi ya aina moja. Ukifanya nusu muda, masaa 15 kwa wiki, utachukua miaka miwili kufika. Lakini ukikesha masaa 60 kwa wiki hupati mwaka kwa miezi sita, yale ya juu ya 30 hawayahesabu, na hapa watu wa frilansi huumia roho kwa sababu sisi kazi ikiingia inaingia kama mvua ya Aprili halafu mwezi mzima unakaa unaangalia simu. Mfanyakazi wa ofisi hata akikaa Facebook siku mzima masaa yake yanahesabika bora alikuwa kwenye kiti. Wewe wa kulipwa kwa nembo moja moja, nani alikuwa anahesabu masaa yako? Invoisi nyingi ninazoona zimeandikwa "dizaini, 15,000" basi. Hakuna tarehe ya kuanza, hakuna masaa, na wengine hata namba ya invoisi hawaweki.

Kwa nini masaa na miaka ina uzito hivyo? Sababu ni pointi. Kwenye ile hesabu ya kwanza, ya kukuruhusu kuingia kwenye mpango, ambako unatakiwa ufikishe 67 kati ya 100, mwaka mmoja wa kazi unakupa 9 na miaka sita kwenda juu inakupa 15. Si tofauti ya kukunyima usingizi. Lakini kwenye ile ya pili, ya kushindanishwa na watu wengine, mtu mwenye Kiingereza cha juu, yaani kiwango cha 9 kwenye CLB, kipimo chao cha lugha, na miaka mitatu ya kazi ya nje anapata pointi 50 kwa huo mchanganyiko, na mwenye mwaka mmoja au miwili anapata 25. Sasa fikiria umealikwa ukiwa umedai miaka mitatu, ofisa anafungua faili anaona ushahidi wa miwili tu. Pointi 25 zimeenda, umeshuka chini ya mstari wa wale walioalikwa siku hiyo, na aplikesheni inaweza kukataliwa hapo hapo hata kama wewe kweli ulifanya kazi hiyo miaka mitatu na Mungu anajua.

Mungu anajua, lakini hatii saini.

Mtu wa kuandikwa huomba barua kwa bosi: karatasi yenye jina la kampuni, anwani, saini, cheo, kazi alizofanya, tarehe, masaa kwa wiki, mshahara. Wewe bosi ni wewe. Kwa hivyo Kanada wanakuomba vitu vitatu mahali pa hiyo barua: ushahidi kwamba biashara ni yako, ushahidi wa mapato, na karatasi kutoka kwa watu wengine zinazosema uliwafanyia nini na walikulipa vipi. Halafu wameandika wazi kabisa kwamba maelezo yako mwenyewe kuhusu kazi zako, ama hati ya kiapo, si ushahidi wa kazi ya kujiajiri.

Hapo kwa hati ya kiapo tukae kidogo, kwa sababu Nairobi sisi tunaamini muhuri. Umepoteza kitambulisho, unaapa. Majina yamekosewa kwa cheti, unaapa. Unapanda ngazi kwa jengo lolote hapo mjini kati, unapata wakili, unalipa kidogo, anagonga muhuri mwekundu na unashuka ukijiona umemaliza. Nimeona jamaa na afidaviti ya kurasa tano, imeandikwa vizuri jameni, kila kazi aliyowahi kufanya, na yote ni yeye anajisemea. Mwanasheria hakukosea, alithibitisha tu kwamba jamaa alikuja akaapa. Ndani ya faili yake ile karatasi ni pambo.

Sasa hiyo ya barua za wateja ndio kibarua chenyewe. Yule mama wa keki, kijana aliyemtengenezea nembo na maboksi na anaendesha kurasa zake za mitandao miaka mitatu sasa, alimwomba barua. Mama akakaa chini, akaandika kwa roho safi: "Huyu ni kijana mwenye heshima, hachelewi, anapenda kanisa, na ningependa asaidiwe popote aendapo." Na muhuri wa duka. Nilicheka mpaka nikatoa machozi, lakini si kosa la mama, hiyo ndiyo barua tunayojua sisi, ya chifu, ya mchungaji, ya kukuombea. Ofisa hatafuti kujua kama una heshima. Tulirudi kwa mama tukakaa naye na daftari yake ya malipo, tukatoa: kuanzia mwezi fulani mpaka mwezi fulani, kazi hizi na hizi, karibu masaa kadhaa kwa wiki, alilipwa kiasi hiki kila mwisho wa mwezi kupitia M-Pesa, namba yangu ni hii mkitaka kuniuliza. Mama alikuwa na kila kitu kwa daftari! Alikuwa hajui tu kwamba ndicho kinachotakiwa. Halafu akaandika kwa Kiingereza, kwa sababu karatasi ya Kiswahili lazima itafsiriwe na uambatanishe karatasi za huyo mtafsiri, gharama za bure hizo.

Mteja mmoja hatoshi ikiwa unao kumi, lakini pia usikimbize wote kumi. Tafuta wale wakubwa, wale ambao ukiunganisha tarehe zao zinafunika kipindi chote unachodai bila shimo katikati. Wawili watatu wa muda mrefu ni bora kuliko ishirini wa nembo moja moja.

Stetimenti ya M-Pesa nayo. Ni nzuri, ina tarehe, ina jina, ina kiasi, lakini haisemi pesa ilikuwa ya nini, na kwa ile stetimenti, mama wa keki aliyekulipa na shangazi yako aliyekutumia nauli ni wale wale. Ndiyo maana nawaambia vijana wangu invoisi iwe na namba na kiasi kilingane na kilichoingia, si umeandika 15,000 halafu mkakubaliana kwa simu 13,500 na hakuna mahali imeandikwa. Ukipata mteja mkubwa mwambie alipe kwa benki. Na ukiwa unapeleka, usimwagie ofisa kurasa mia mbili za stetimenti akutafutie, weka alama, andika karatasi moja ya maelezo inayosema invoisi namba hii ndiyo malipo haya ya tarehe hii. Mtu anayesoma faili yako hajui Umoja ni wapi na hajui till ya M-Pesa ni nini.

Ushahidi wa biashara kuwa yako ndio rahisi kuliko yote na bado watu hawana. Kusajili jina la biashara kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, hakufiki hata bei ya viatu vya mtumba vizuri, na ukiwa na kampuni, hati ya CR12 inaonyesha wenye hisa. Sajili ukianza. Cheti cha mwezi jana hakiwezi kushuhudia kazi ya mwaka 2021, utabaki ukitegemea wateja na pesa peke yake.

Haya tuje kwa KRA, watu wa kodi, na hapa najua nitakosana na watu.

Wengi wenu mnapeleka ritani ya nil, yaani ya kusema hukupata kitu mwaka mzima. Kila Juni, dakika tano kwa saiba, nil, imekwisha. Miaka minne ya nil halafu leo unataka kuambia serikali ya nchi nyingine kwamba hiyo miaka minne ulikuwa mbunifu wa kujitegemea unayeingiza laki kwa mwezi. Sasa utaweka nini mahali pa ushahidi wa mapato? Ukiweka ritani inakushtaki, usipoiweka ofisa anashangaa mbona mtu wa biashara hana karatasi hata moja ya kodi. Sisemi hivi kwa sababu napenda KRA. Nasema kwa sababu ritani iliyojazwa ukweli ndiyo karatasi ya mapato ambayo ofisa wa nchi yoyote anaielewa bila kuelezwa. Na kama ulishapeleka nil, iTax, ule mfumo wa KRA wa mtandaoni, ina njia ya kurekebisha ritani ya nyuma, utalipa kodi na faini na riba, inauma, lakini ni bora uumie hapa ukiwa na muda.

Na kuna kitu mnachukia ambacho kinawasaidia. Ile asilimia 5 kampuni inakata kabla haijakulipa, kodi ya zuio, kwa malipo ya kazi ya kitaaluma kuanzia 24,000 kwa mwezi. Kila mtu hulia nayo. Lakini angalia: aliyekukata ameingia kwa iTax akaandika PIN yake, PIN yako, tarehe, kiasi, na aina ya huduma, na cheti kimetoka. Huyo ni mtu mwingine anasema, kwa mfumo wa serikali, kwamba alikulipa kwa kazi. Usipodai hivyo vyeti unatupa ushahidi ambao huwezi kununua.

Hicho cheti kinanileta kwa watu wa kontrakti, na hapa ndipo mambo huwa mchanyato. Nairobi imejaa watu wa aina hii: unaingia saa mbili asubuhi, unakaa kwa meza yao, laptopu ni yao, unaomba ruhusa kwenda kliniki, una cheo na hata kadi ya biashara, lakini mkataba ni wa miezi mitatu mitatu na unakuita konsaltanti, mshahara unakuja umekatwa ile asilimia 5, hakuna PAYE ya kodi ya mshahara, hakuna NSSF ya pensheni, hakuna fomu ya P9 ya mwisho wa mwaka. Wewe moyoni ni mfanyakazi. Kwa KRA wewe ni mtu wa biashara. Sasa unaenda kwa HR unaomba barua, HR kwa ukarimu anaandika "alikuwa mwajiriwa wetu wa kudumu", unaipeleka, na pembeni umeweka mkataba unaosema konsaltanti na vyeti vya zuio. Barua inasema hivi, pesa inasema vile. Ofisa si lazima akuone mwongo, lakini amepata sababu ya kuuliza, na swali moja kwa hawa watu linaweza kukula miezi.

Ninavyowaambia mimi ni kwamba fuata karatasi. Kama mkataba na kodi zinasema ulikuwa unajitegemea, jaza unajitegemea na mteja wako mkubwa ni huyo, na barua yao iseme ukweli huo huo: tumekuwa na mkataba naye wa huduma kutoka tarehe hii, kazi zake, masaa 40 kwa wiki, ada yake kwa mwezi. Hupotezi pointi hata moja kwa kufanya hivyo ukiwa unaomba kutoka hapa. Fahari ya kuitwa mwajiriwa haina pointi.

Na kama uliajiriwa kweli, na kazi ikaisha, usidhani cheti cha utumishi kinatosha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamlazimu mwajiri kukupa hicho cheti, lakini angalia kinatakiwa kuwa na nini: jina na anwani ya mwajiri, jina lako, ulianza lini, ulimaliza lini, kazi ya aina gani na ilikuwa wapi. Masaa hayamo. Mshahara haumo. Majukumu kwa kina hayamo. Na hicho hicho kifungu kinasema mwajiri halazimiki kukupa barua ya kusifu tabia ama utendaji wako. Yaani ile barua ndefu ambayo Kanada wanataka, hapa Kenya unaipata kwa hisani. Kwa hivyo ukitoka mahali toka kwa amani hata kama umeudhiwa, na uombe barua wiki hiyo hiyo kabla meneja aliyekujua hajahamia kampuni ingine.

Wale mko chini ya kampuni za kukodisha wafanyakazi, umeandikwa na ajenti lakini unakaa benki ama kwa kampuni ya simu, barua ni ya anayekulipa. Ajenti hajui unachofanya kutwa, mara nyingi ataandika cheo tu. Tafuta msimamizi wako wa huko unakokaa aongeze barua ya pili ya majukumu, hata kama ni ya imeli yake ya ofisi.

Mashimo ya mikataba: mkataba umeisha Disemba katikati, mpya umeanza Februari. Kwa ule mwaka wa kwanza wa mfululizo hilo shimo linakuvunja, na ndio maana mtu anaweza kuwa na miaka mitano ya mikataba na bado asipate miezi kumi na miwili iliyoshikana. Kama hapo katikati ulikuwa unafanyia mtu mwingine kazi ile ile kwa malipo, sema, na uweke karatasi zake. Kama ulikuwa nyumbani, andika ulikuwa nyumbani. Fomu ya historia yako inataka miezi yote ijazwe hata ile ya kukaa bila kazi, na hakuna dhambi ya kukaa bila kazi.

Sasa sikilizeni nyinyi mnaoenda kusoma kwanza. Haya yote nimesema ni ya kazi ya nje ya Kanada. Ukishaingia huko meza inapinduliwa: kwa mpango wa Canadian Experience Class, ule wa waliokwisha kufanya kazi huko, kazi ya kujiajiri ukiwa ndani ya Kanada haihesabiki. Haijalishi ulilipa kodi, haijalishi kibali chako kilikuruhusu. Binamu yangu alimaliza chuo huko, akapata kibali cha kazi cha baada ya masomo, akaanza kazi nzuri tu ya kompyuta na kampuni moja ambayo ilimpa mkataba wa kujitegemea kwa sababu pesa mkononi ilikuwa nono zaidi. Mwisho wa mwaka wenzake wakapewa fomu ya T4 ya waajiriwa, yeye akapewa T4A. Mwaka mzima, masaa yote, na kwa hesabu ya uzoefu wa Kanada ni kama alikuwa amelala. Alibadilishiwa mkataba akaanza kuhesabu upya na kibali kinaendelea kuisha. Madaktari wanaolipwa kwa kila mgonjwa walifunguliwa mlango mwaka 2023, wengine wote bado. Na wewe uliye hapa Kilimani unafanyia kampuni ya Toronto kazi kwa intaneti, hiyo ni kazi ya nje, mwili wako uko Kilimani.

Kwingine nitapita haraka. Australia wanakubali kujiajiri, masaa yao ni 20 kwa wiki, lakini kwanza unapimwa na chombo cha taaluma yako na kila chombo kina orodha yake ya karatasi, wengine wakali kuliko Kanada. Uingereza, ile viza ya Skilled Worker haiangalii ulijiajiri miaka mingapi, inataka mwajiri mwenye leseni ya kukudhamini na tangu Julai 2025 mshahara wa kawaida ni pauni 41,700, kwa hivyo frilansi yako ni ya kumvutia huyo mwajiri tu. Ujerumani tulitia saini nao makubaliano ya uhamiaji na kazi Septemba 2024 na kila mtu akaanza kujifunza Kijerumani, na kadi yao ya Chancenkarte, ya kwenda kutafuta kazi huko, inatoa pointi kwa uzoefu, ila bila cheti cha chuo ama cha ufundi kinachotambulika hujaingia mlangoni, fundi aliyejifunza kwa kuangalia mjomba akifanya hana pa kushikia hata awe hodari vipi. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi kwa mafundi wangu wa Kirinyaga Road.

Kuna wale watakuambia barua zinatengenezwa, lete elfu kadhaa. Kanada wakikushika na karatasi ya uongo ni miaka mitano hugusi nchi yao, na wanapiga simu, wanatuma imeli, wanaangalia kama kampuni ipo. Na kama ni mtu wa kukusaidia kujaza, anayeruhusiwa kulipwa kwa kazi hiyo ni wakili wa huko ama mshauri aliyesajiliwa na chuo chao cha washauri wa uhamiaji, jina lake liko kwa orodha mtandaoni, litafute kabla ya kutuma hata shilingi. Ofisi ya kioo na bendera mbili si usajili.

Wateja wangu waliofunga maduka wakati wa korona wengi hawapatikani, na swali hili naulizwa sana: mteja hayupo tena, nifanyeje? Tumia kilichobaki, mkataba, imeli za wakati ule, invoisi, pesa iliyoingia benki, na useme kwa ile karatasi ya maelezo kwamba duka lilifungwa lini. Aliyekuwa meneja akikubali kuandika kwa jina lake na kitambulisho chake, aandike. Na benki msingoje, stetimenti za miaka mingi nyuma zina ada na foleni yake.

Wale wa kurekebisha ritani njooni kabla ya Mei. Ikifika wiki ya mwisho ya Juni mimi sishiki simu ya mtu.